Kusikiliza albamu nzima za rock na pop ukiwa Lubumbashi: niliyopitia

Naandika haya kwa ajili ya mtu wa hapa kwetu, awe Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, ambaye rock imemshika moyo na hana wa kumuuliza. Mjini hapa ukisema unapenda muziki, watu wanakutajia rumba, ndombolo au nyimbo za kanisa. Ukisema rock, mmoja atakuambia ni makelele ya wazungu, mwingine atakuambia ni mambo ya shetani. Nimeambiwa yote mawili. Hilo la pili nililisikia kwa mtu ninayemheshimu sana, na liliniuma. Basi nikajifunza peke yangu, polepole, kwa pesa ambayo mara nyingi haikuwepo.

Nilichokipata kwa shida hiyo ni hiki: albamu isikilizwe nzima, kwa mpangilio wake, zaidi ya mara moja, kisha uihukumu kwa masikio yako wewe. Zile orodha za albamu bora duniani huandikwa na watu wa London na New York. Wengi wao hawajawahi kukaa barazani wakasikia gitaa la Katanga likipigwa kwa vidole viwili. Sisi tumelisikia tangu utotoni. Tunacho kipimo chetu, na hakuna sababu ya kukiacha mlangoni tunapoingia kwenye muziki wa wengine.

Nilianza na katoni. Baba yangu mdogo, anayekaa mtaa wa Katuba, alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, miaka mingi, na enzi hizo mshahara ulimtosha kununua santuri na kaseti tupu za kunakilia. Aliponikabidhi ile katoni, santuri nyingi zilikuwa zimepinda kwa joto, lakini kaseti zilikuwa bado zina uhai. Deki niliyonunua sokoni kama mtumba ilinigharimu dola 40. Fundi mmoja wa Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, akanidai dola 10 zaidi za kuruwa, ile mikanda midogo ya mpira inayozungusha magurudumu ndani. Kwa mfuko wangu wa wakati ule pesa hiyo ilikuwa nzito, na nyumbani tulikosana kidogo kwa sababu yake. Nalisema wazi ili ujue: huu upendo una gharama, na anayekaa nawe ataiona kabla yako.

Kama una kaseti za wazee, usizitumbukize kwenye deki moja kwa moja. Itazame kwanza kwenye mwanga. Ukiona ukungu mweupe pembeni mwa utepe, iweke mbali na nyingine, maana ukungu unahamia kwenye kichwa cha deki na kutoka hapo unaingia kaseti zote. Zungusha utepe mpaka mwisho, urudishe mpaka mwanzo, ndipo ucheze. Utepe uliolala miaka thelathini unashikana, na deki ikiuvuta kwa ghafla unakatika. Futa kichwa cha deki kwa pamba na alkoli ya duka la dawa. Angalia kile kisponji kidogo kilicho katikati ya kaseti, chini ya utepe: kikidondoka, sauti inakuwa kama ya mtu anayesemea ndani ya blanketi. Kibandike upya kwa tone moja la gundi, dogo sana.

Kuhamishia kwenye kompyuta si kazi ngumu. Waya mmoja kutoka tundu la deki mpaka kompyuta, na programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Rekodi upande mzima bila kukatakata, kwa ubora wa sidii. Kila dakika itakula mega kama 10, kwa hiyo upande wa dakika 45 ni mega 450 hivi. Nyimbo utazitenganisha baadaye, ukitaka. Na fanya kazi hiyo umeme ukiwa umetulia, au uwe na batri, kwa sababu ukikatika katikati unaanza tena toka mwanzo, na kila mara utepe wa zamani unapopita unapoteza kitu.

Ndani ya katoni ile kulikuwa na The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, iliyotoka mwaka 1973. Baba mdogo aliinakili kwenye kaseti ya dakika 60, yaani dakika 30 kila upande. Albamu ina dakika 43 hivi. Kwa hiyo upande wa kwanza unaisha katikati ya Us and Them, saksafoni ikiwa bado inapiga, kimya kinaanguka, unageuza kaseti, wimbo unaendelea. Mimi niliijua albamu hivyo. Niliposikia toleo zima kwa mara ya kwanza nilisimama nikasogea karibu na spika, kwa sababu wimbo ule ulipita mahali pale bila kusimama, na kumbe ndani yake kuna pumzi ndefu ambayo kaseti ilikuwa imeikata. Kwenye santuri pia kuna mkato, lakini unakuja pale waliopiga walipoutaka: baada ya sauti ya mwimbaji Clare Torry kwenye The Great Gig in the Sky, kabla ya ile milio ya sarafu inayofungua Money.

Hiyo sauti ya Clare Torry ndiyo ninayotaka kila mtu wa huku aisikie. Aliingia studio ya Abbey Road akaambiwa aimbe bila maneno. Akalipwa pauni 30. Miaka mingi baadaye alienda mahakamani, wakapatana mwaka 2005, na leo anatajwa kuwa mmoja wa watunzi wa wimbo ule. Nimesoma watu wakiusifu ufundi wake. Lakini mtu aliyekaa kwenye kilio Katuba au Ruashi usiku, akamsikia mama anaanza kwa kumwita marehemu kwa jina, kisha majina yanaisha na inabaki sauti tupu, huyo anajua mara moja yule mwanamke anafanya nini. Mama mkwe wangu, ambaye rock haimhusu kabisa, alipita mlangoni, akasimama, akauliza: “Nani amekufa?” Sijasoma uchambuzi uliozidi swali hilo.

Sikiliza albamu hii kwa vifaa vya masikioni, hata vya bei rahisi, mradi pande zote mbili zifanye kazi. Saa zinazolia mwanzoni mwa Time zilirekodiwa na fundi wa sauti Alan Parsons katika duka la saa, moja moja, kisha zikaunganishwa. Simu yenye spika moja inakunyima nusu ya kazi hiyo.

Thriller ya Michael Jackson wote tunaijua, ndiyo maana wachache wameisikia. Ina nyimbo tisa tu, dakika 42, ilitoka Novemba 1982, mtayarishaji ni Quincy Jones. Watu wanakimbilia wimbo wenye jina la albamu kwa sababu ya ile video. Kwangu kilele ni wimbo wa kwanza kabisa, na hasa dakika yake ya mwisho, pale wanapoanza kuimba maneno yaliyotoka kwa Manu Dibango, katika Soul Makossa ya mwaka 1972. Dibango alikuwa Mkameruni, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliishi Kinshasa, ikiitwa bado Léopoldville, akipiga na African Jazz ya Joseph Kabasele. Alidai haki yake, wakamalizana kwa malipo. Basi albamu ya pop iliyouzwa kuliko zote inafunguliwa kwa kitu ambacho sikio la Mkongo halihitaji kufundishwa, na inaudhi kuona wimbo huo ukirukwa. Udhaifu wake nao niuseme: ule wimbo anaoimba na Paul McCartney unashusha moto. Kwa furaha ya mwanzo hadi mwisho, Off the Wall ya mwaka 1979 inanishika zaidi, na niko tayari kubishana na yeyote.

Queen sitawaelezea sana, ila jambo moja. Mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na familia yake ikaondoka mwaka 1964 baada ya mapinduzi. Kwenye A Night at the Opera, ya mwaka 1975, kila mtu anataka Bohemian Rhapsody, ule wimbo wa dakika karibu sita ambamo wanaitikia “Bismillah”. Uko karibu na mwisho wa albamu, na unastahili kufikiwa kwa kupita njia yote. Njiani utakutana na ’39, alioutunga Brian May, mpiga gitaa aliyesomea elimu ya nyota na kupata udaktari wake mwaka 2007. Ni habari ya watu waliosafiri mbali sana; kwao umepita mwaka mmoja, nyumbani imepita miaka mia. Mimi nina kaka aliyeondoka zamani. Wimbo ule siwezi kuusikiliza mbele za watu.

Sasa kuhusu kununua. Sidii zinazouzwa mtaani kwa dola moja au mbili nyingi si albamu. Jalada linasema Rumours, ndani umewekewa mkusanyiko wa nyimbo maarufu, mpangilio umevurugwa, pengine sauti imebanwa mpaka matoazi yanatoa mlio wa maji. Kabla ya kulipa, hesabu nyimbo na ulinganishe na orodha halisi. Rumours ya Fleetwood Mac, ya mwaka 1977, ilikuwa na nyimbo 11. Baadhi ya matoleo ya baadaye yameingiza Silver Springs, ambao ulikuwa umeachwa nje kwanza. Ni wimbo mzuri sana, lakini usikilize peke yake. Albamu ile ni ya wapenzi wanaoachana huku wakiendelea kupiga bendi moja, na mtiririko wake unajua unakokwenda. Vivyo hivyo kwa matoleo yote yenye nyongeza: simama pale albamu ya kwanza iliposimama, pumzika, nyongeza uzisikie siku nyingine.

Kwa simu, hesabu ni hii. Kwa ubora wa juu wa kilobiti 320 kwa sekunde, albamu ya dakika 42 inakula mega kama 100. Kwa ubora wa chini wa 96 inakula kama 30. Mimi napakua kwa ubora wa juu mahali penye waifai, kisha nasikiliza nikiwa nimezima intaneti. Albamu niliyopakua nairudia wiki nzima bila kulipa tena. Kisha zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo. Mwaka 2021 mwimbaji Adele alipotoa albamu yake iitwayo 30, Spotify, ile programu ya kusikilizia muziki, walikiondoa kwenye nafasi ya kwanza katika kurasa za albamu kwa sababu yeye aliomba, akisema wasanii hawapangi nyimbo bila kufikiri. Nilifurahi sana siku hiyo. Tafuta pia, kwenye mipangilio, mahali pa kuondoa ukimya kati ya wimbo na wimbo, la sivyo Pink Floyd watakatwa vipande kila baada ya dakika chache.

Nitakaa kidogo kwenye Nebraska ya Bruce Springsteen, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha namna ninavyosikia nyingine zote. Mwanzoni mwa mwaka 1982 Springsteen alikaa chumbani kwake New Jersey na mashine ndogo ya Tascam inayorekodi njia nne kwenye kaseti ya kawaida. Alikuwa anaandaa mifano tu, ili bendi yake iipige baadaye. Kaseti hiyo aliitembeza mfukoni bila hata kasha. Bendi ikajaribu nyimbo zile studio, zikakataa. Mwishowe wakatoa kaseti yenyewe, na mwangwi wake na uvumi wake.

Niliisikia jioni moja ya Jumapili, umeme umekatika mtaa mzima, nganda, yaani baa, ya jirani imenyamaza, redio yangu ndogo inakula batri. Baba mdogo alikuwa amekuja kula. Tulikuwa na bukari na samaki. Mimi nikaanza kusema jinsi gitaa lilivyo pweke. Akaninyamazisha: “Acha iishe kwanza, njo utasema.” Ilipoisha hakusema chochote kuhusu Marekani. Akataja Mwenda wa Bayeke, Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo: mtu mmoja, gitaa moja, mashine imewekwa mbele yake, basi. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinaimba juu. Baba mdogo akapiga yale mapigo mawili juu ya meza kwa vidole vyake, huku Springsteen akiwa ameshamaliza, na nikaelewa kwa nini Nebraska haikunionekea ngeni hata kidogo.

Tangu siku ile natafuta albamu za mtu na gitaa lake. Pink Moon ya Nick Drake, mwaka 1972, dakika 28 tu, hakuna kingine isipokuwa piano kidogo kwenye wimbo wa kwanza. Kwa anayetoka shule ya Mwenda, ni nyumbani. Orodha za wazungu zinaisifu kwa huzuni yake. Mimi naisifu kwa mkono wa kulia.

Kuna albamu moja ambayo mimi na baba mdogo hatujapatana: Graceland ya Paul Simon, mwaka 1986. Yeye alikataa kuinunua tangu ilipotoka na hata leo haisikilizi kwake. Simon alikwenda Johannesburg mwaka 1985 kurekodi na wanamuziki weusi wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umeomba wasanii waisusie Afrika Kusini. “Wenzetu walikuwa wanakufa,” ndilo jibu lake, na halina marefu. Mimi najua hoja hiyo ina uzito. Najua pia kwamba Miriam Makeba na Hugh Masekela walipanda jukwaani pamoja na Simon katika ziara ya mwaka 1987, na nao apartheid iliwatesa kuliko wengi. Na ninaposikia besi ya Bakithi Kumalo, ule mpigo mfupi wa peke yake kwenye You Can Call Me Al, ambao nusu yake ya pili ni ile ya kwanza iliyogeuzwa nyuma mbele, au gitaa la Ray Phiri, au sauti za Ladysmith Black Mambazo, siwezi kuzima. Naisikiliza nyumbani kwangu. Akija, siiweki. Nadhani heshima inadai hivyo, na albamu haipungui kwa kusubiri aondoke.

The Beatles kwa kifupi: Sgt. Pepper ya mwaka 1967 husifiwa mno, Revolver ya mwaka mmoja kabla inaishinda kwa nyimbo, na upande wa pili wa Abbey Road unawashinda wote. OK Computer ya Radiohead, 1997, niliirudia mara nyingi kabla haijafunguka. Ilifunguka usiku, kwa sauti ndogo, na sasa naipenda. Kama albamu imekushinda mara ya kwanza, iache wiki moja, urudi saa tofauti ya siku. Na kama baada ya hapo bado haikuambii kitu, ipite kwa amani, hata kama dunia nzima inaipigia magoti.

Nimeiacha ya karibu zaidi mwisho. Kutoka hapa hadi mpaka wa Kasumbalesa hakufiki kilomita 100, na ng’ambo yake, huko Zambia, Kitwe, Ndola na Chingola, kwenye shaba ileile yetu, vijana wa miaka ya 1970 walipiga rock yao, ambayo leo inaitwa Zamrock. Nilitumia miaka kutafuta magitaa ya Uingereza kabla ya kujua kwamba haya yalikuwa jirani. Kundi la WITCH, na mwimbaji wao Emanuel Chanda aliyeitwa Jagari kwa kumpenda Mick Jagger wa Rolling Stones, walitoa Lazy Bones!! mwaka 1975. Mwaka huohuo Amanaz wakatoa Africa. Bei ya shaba ikaanguka, pesa ikaisha, na baadaye ukimwi ukawachukua wengi wa wanamuziki hao. Jagari alinusurika, akawa mchimbaji wa vito, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango.

Ukiniuliza, Africa ya Amanaz ndiyo bora kati ya hizo mbili za mwaka 1975. Lazy Bones!! ina moto zaidi, lakini Amanaz wanajua kunyamaza, na wanaimba Kiingereza na lugha za kwao katika albamu moja bila kubadili nyuso. Gitaa lao lina ukwaruzo wa spika iliyochoka, na mpigo wa chini yake unaweza kuucheza bila kufikiri ukiwa umekulia huku. Ipo katika namna mbili, moja yenye mwangwi mwingi na moja kavu. Anza na ile kavu. Santuri mpya zinazotoka Marekani ni ghali mno kufika hapa, kwa hiyo pakua, na mega 100 hizo hutazijutia.

Baba mdogo anakumbuka kusikia muziki wa aina hiyo kwenye redio za upande wa Zambia, na anasema hata hapa mjini kulikuwa na vijana waliopiga magitaa ya umeme hivyo, kwenye sherehe za wafanyakazi. Katika katoni yake hakuna hata kaseti moja yao. Natafuta. Kama mzee wako alirekodi bendi kama hizo, chukua kaseti, vunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo mgongoni ili mtu asiweze kurekodi juu yake, kisha ndipo umwazime mtu.